HODI HEWANI: Jinsi Kompyuta Zinavyozungumza Bila Waya



Siku hizi ukienda mjini, ukaingia katika ofisi kubwa au katika chuo, unaweza kuona jambo la ajabu. Kijana amekaa chini ya mwembe. Kompyuta ndogo iko magotini. Anasoma barua iliyotoka mbali, anaandika majibu, anayapeleka. Unatafuta waya, huuoni. Ukimwuliza atakuambia, "Natumia waifai." Ukimwuliza tena waifai ni kitu gani, pengine atacheka tu, maana hata yeye hajui.

Kutojua si aibu. Aibu ni kuogopa kuuliza. Leo tutaeleza jambo hili tangu mwanzo wake. Tutaanza mbali, katika visiwa vya bahari kubwa ya Pasifiki, kwa sababu huko ndiko chuo kimoja kilikuwa na shida inayofanana na shida ya kijiji: mashine iko mahali pamoja, na wanaoihitaji wako mbali. Kisha tutarudi nyumbani.

MAWIMBI TUNAYAJUA

Kwanza tusiogope neno "mawimbi". Redio yako ya betri inafanya kazi kwa mawimbi. Kituo cha redio kinayatoa, nayo yanasafiri hewani. Antena ya redio yako inayapokea, na wewe unasikia taarifa ya habari. Huyaoni mawimbi hayo, lakini yapo.

Wazee wanakumbuka pia simu ya upepo iliyokuwa katika kituo cha polisi. Askari alisema, kisha akanyamaza ili asikilize. Mwenzake wa mbali alijibu. Hapakuwa na waya kati yao.

Sasa angalia tofauti. Redio ya nyumbani ina masikio, lakini haina mdomo. Inasikiliza tu. Simu ya upepo ina masikio na mdomo. Kompyuta isiyo na waya ni kama simu ya upepo: inasema na inasikiliza. Lakini haipeleki sauti ya mtu. Inapeleka herufi, namba na picha, baada ya kuzigeuza kuwa alama ndogondogo. Alama hizo huitwa biti.

Basi, kama simu ya upepo ilikuwapo zamani, ugumu ulikuwa wapi? Ugumu ulikuwa huu: watu wengi wakisema hewani kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika. Ni kama mkutano usio na mwenyekiti. Ni kelele tupu.

CHUO KILICHOTAWANYIKA VISIWANI

Hawaii ni jimbo la Marekani. Lakini si sehemu ya bara. Ni visiwa, na vikubwa ni vinane, katikati ya bahari ya Pasifiki. Chuo Kikuu cha Hawaii kina makao yake makuu katika bonde la Manoa, karibu na mji wa Honolulu, katika kisiwa cha Oahu. Miaka ya 1960 chuo hicho kilikuwa pia na chuo kingine katika mji wa Hilo, na vyuo vidogo vitano katika visiwa vya Oahu, Kauai, Maui na Hawaii. Vituo vyake vya utafiti vilienea hadi umbali wa kilomita 320 hivi kutoka Honolulu.

Siku hizo kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba. Bei yake ilikuwa kubwa mno. Kila chuo hakikuweza kununua ya kwake. Kompyuta kubwa ilikuwa Manoa. Je, mwanafunzi au mtafiti wa kisiwa kingine afanye nini? Apande ndege kila akiwa na hesabu ya kufanya?

Njia iliyojulikana ilikuwa kutumia laini ya simu. Lakini laini zilikuwa ghali, na hazikuwa nzuri kwa kazi hiyo. Tena kulikuwa na hasara nyingine. Mtu anayetumia kompyuta huandika kidogo, kisha hufikiri sana. Huandika tena kidogo, kisha hufikiri. Wakati anapofikiri, laini yake imekaa bure, na malipo yanaendelea. Ni kama kukodi lori zima la kupeleka kikapu kimoja cha nyanya, kisha lori linakungoja siku nzima sokoni.

Mwezi wa Septemba 1968 wataalamu wa chuo hicho walianza kazi ya kutafuta njia nyingine. Kiongozi wao aliitwa Profesa Norman Abramson. Walijiuliza: kwa nini tusiache simu, tukatumia redio? Na kwa nini kila mtu awe na njia yake peke yake? Kwa nini wote wasitumie njia moja hewani?

Mwezi wa Juni 1971 mtambo wao ulianza kufanya kazi. Waliuita ALOHA. Neno hilo ni la lugha ya wenyeji wa Hawaii, nalo ni salamu. Jina lilifaa, kama utakavyoona.

HODI NA KARIBU

Njia ya ALOHA tunaweza kuieleza kwa desturi yetu ya kubisha hodi.

Ukifika kwa jirani, unaita, "Hodi!" Ukisikia "Karibu!", unajua umesikika. Usiposikia kitu, hufanyi ugomvi. Unangoja kidogo, kisha unaita tena. Pengine mwenye nyumba alikuwa anatwanga, kelele za kinu zikafunika sauti yako.

Kompyuta za Hawaii zilifanya hivyo hivyo. Kila kituo kilikuwa na redio yake ndogo. Mtu akiandika, maneno yake yalikatwa vipande. Kipande kimoja kilikuwa na herufi 80, wala si zaidi. Juu ya kipande iliandikwa anwani, kama bahasha. Kisha kipande kilirushwa hewani bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo hodi.

Kule Manoa kulikuwa na kompyuta ndogo iliyokaa kama karani mlangoni pa kompyuta kubwa. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande na kuvikagua. Kila kipande kilibeba namba za ukaguzi. Unajua jinsi karani wa ghala anavyofanya: hati inasema magunia 40, naye anahesabu magunia. Yakiwa 40, anatia sahihi. Yakipungua, anakataa. Basi karani huyu wa Manoa alifanya hivyo. Kipande kikiwa salama, alirudisha jibu fupi: kimefika. Hiyo ndiyo karibu. Jibu lilipita katika masafa mengine, mbali na yale ya hodi, ili yasigongane.

Lakini je, vituo viwili vikibisha hodi kwa wakati mmoja? Mawimbi yanachanganyika. Vipande vyote viwili vinaharibika. Karani anavikataa, wala hajibu kitu. Vituo vile vinangoja karibu, havisikii. Vinajua kwamba hodi imepotea. Basi vitaita tena.

Hapa ndipo palipo na akili ya jambo hili. Vituo vyote viwili vikingoja muda ule ule, vitagongana tena, na tena, na tena. Umewahi kukutana na mtu katika njia nyembamba ya shambani? Wewe unakwenda kulia, naye anakuja upande huo huo. Unakwenda kushoto, naye vile vile. Mnacheka. Mwishowe mmoja anasimama na mwingine anapita. Vituo vya ALOHA viliondoa shida hiyo kwa bahati nasibu. Kila kituo kilijichagulia muda wake wa kungoja, kama mtu anayeokota karata bila kutazama. Mmoja akapata muda mfupi, mwingine mrefu. Wa kwanza akapita, wa pili akafuata.

Hapakuwa na mwenyekiti wa kugawa zamu. Palikuwa na adabu tu: ita, sikiliza, usipojibiwa ngoja, kisha ita tena.

HASARA YAKE, NA DAWA YAKE

Tusisifu tu. Njia hii ilikuwa na hasara. Vituo vikiwa vichache, mambo yalikwenda vizuri. Vikiwa vingi, migongano iliongezeka. Hesabu zilionyesha kwamba, hata mambo yakienda vizuri kabisa, katika kila sehemu 100 za muda wa hewani ni sehemu 18 tu hivi zinazoweza kubeba ujumbe uliofika salama. Muda mwingine wote ni ukimya au mgongano.

Dawa ya kwanza ilipatikana mwaka 1972. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Lawrence Roberts, alitoa shauri hili: muda ukatwe vipande vilivyo sawa, na kila kituo kianze kusema mwanzoni mwa kipande tu, si katikati. Kwa njia hiyo sehemu 18 zikapanda hadi 37 hivi. Utaratibu mdogo, faida maradufu.

Dawa ya pili ilitoka California mwaka 1973. Huko kijana mmoja, Robert Metcalfe, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Xerox. Alikuwa amesoma maandishi ya Abramson. Akaona kwamba kituo kinaweza kusikiliza kwanza kabla ya kuita. Kama mwenzako anasema, nyamaza. Akimaliza, ndipo uite. Jambo hili kila mtoto mwenye malezi analijua! Metcalfe na wenzake walitumia adabu hiyo katika waya, wakaunganisha kompyuta za ofisini. Njia yao waliiita Ethernet, na mpaka leo inatumika katika ofisi za dunia nzima.

Umeona safari hiyo? Wazo lilizaliwa hewani, kati ya visiwa. Kisha likashuka likaingia ndani ya waya, likakaa ofisini. Ilichukua miaka mingi wazo lile kutoka tena katika waya na kurudi hewani.

HEWA YA WOTE

Kilichozuia ni nini? Jambo moja lilikuwa ruhusa. Mawimbi yana masafa mbalimbali, kama vile redio yako ina stesheni mbalimbali. Katika kila nchi serikali inagawa masafa hayo: haya ya redio, haya ya polisi, haya ya ndege, haya ya jeshi. Huwezi kurusha mawimbi yenye nguvu bila leseni, maana utaharibu mawasiliano ya wengine.

Yalikuwapo masafa machache ambayo watu hawakuyagombania. Yalitumiwa na mashine za viwandani na za hospitali, na zile tanuri za umeme za kupashia chakula ziitwazo mikrowevu. Yalihesabiwa kama shamba lenye mawe.

Mwezi wa Mei 1985 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano ilitoa uamuzi. Mtu yeyote aliruhusiwa kutumia masafa hayo kwa mawasiliano, bila leseni. Lakini kwa masharti. Nguvu iwe ndogo. Mawimbi yatawanywe katika masafa mapana, yasirundikwe mahali pamoja. Na ukipata usumbufu kutoka kwa wengine, uvumilie.

Basi lile shamba la mawe likawa malisho ya kijiji. Kila mtu aweza kupeleka ng'ombe wake, lakini hakuna wa kusema ni lake peke yake. Baadaye nchi nyingine nyingi zilifuata mfano huo.

DUKANI NA OFISINI

Walioanza kulima shamba hilo walikuwa wafanya biashara. Kampuni ya NCR ilikuwa ikitengeneza mashine za kupokelea fedha madukani. Katika duka kubwa mashine hizo ziliunganishwa kwa waya. Mwenye duka akitaka kupanga upya meza zake, ilimbidi avunje sakafu au dari, ahamishe waya. Gharama hiyo hakuitaka.

Wahandisi wa kampuni hiyo waliokuwa Uholanzi walitengeneza chombo cha kuunganisha mashine kwa mawimbi. Walikiita WaveLAN. Kampuni nyingine nazo zilitengeneza vyao. Hapo ikazuka shida mpya: chombo cha kampuni hii hakikuelewana na cha kampuni ile.

Fundi baiskeli anaijua shida hii. Kama kila kiwanda kingetengeneza nati za kipimo chake, fundi angehitaji sanduku la spana kwa kila baiskeli. Vipimo vikiwa sawa, spana chache zinatosha.

Kwa hiyo wahandisi wa kampuni mbalimbali walikaa katika kamati ili wakubaliane kipimo kimoja. Tangu mwaka 1990 mwenyekiti wao alikuwa Vic Hayes, wa tawi lile la NCR la Uholanzi. Walibishana miaka mingi, maana kila mmoja alivutia kwake. Mwaka 1997 walikubaliana. Mtambo wa kipimo hicho uliweza kupeleka biti milioni 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kipimo kipya kilifikisha biti milioni 11. Ule wa Hawaii ulipeleka biti 9,600 tu. Ni zaidi ya mara elfu moja!

Mwaka huo huo wa 1999 kampuni kadhaa ziliungana, zikakipa kipimo hicho jina la biashara: Wi-Fi. Sisi tunasema waifai.

Na ndani ya waifai adabu za zamani zingalipo. Kompyuta husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya, hungoja muda wa bahati nasibu, kisha huita. Kipande kikifika salama, hujibiwa. Kisipojibiwa, huitwa tena. Hodi, karibu.

CHUO CHA PITTSBURGH

Duka ni nyumba moja. Je, chuo kizima chenye majengo mengi, ngazi, bustani na maelfu ya watu? Huko ndiko njia hii ilikopimwa nguvu zake.

Katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kuna Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1993 kilianza kujenga mtandao usio na waya. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Alex Hills. Huyu bwana alikuwa amefanya kazi Alaska, jimbo la baridi kali. Huko alishughulikia redio na simu kwa ajili ya vijiji visivyofikika kwa barabara. Kwa hiyo shida ya mtu wa mbali aliijua.

Mtandao huo ulianza kama utafiti, katika sehemu tu ya majengo. Wakati huo kile kipimo kimoja tulichokitaja kilikuwa hakijapatikana. Waliongeza kidogo kidogo mpaka chuo kizima kikapata mawimbi. Hapo walijifunza mambo ambayo mpaka leo yanamhusu kila anayefunga waifai.

Jambo la kwanza: ukuta una tabia zake. Mbao huyapitisha mawimbi. Zege huyapunguza. Bati huyarudisha, kama kioo kinavyorudisha mwanga. Maji huyanywa, na hata majani mabichi na mwili wa mtu huyapunguza. Ndiyo maana huwezi kukaa ofisini na ramani ukasema, "Tufunge hapa na hapa." Ni lazima utembee na chombo cha kupimia, chumba kwa chumba.

Jambo la pili: majirani wasiseme kwa sauti moja. Sanduku moja la waifai hufikia makumi machache ya mita tu ndani ya nyumba. Kwa hiyo chuo kinahitaji masanduku mengi. Katika masafa yaliyotumika sana, njia zisizogongana kwa kipimo cha Marekani zilikuwa tatu tu. Sasa fikiri una rangi tatu, nyekundu, njano na bluu, na unataka kupaka nyumba zote za kijiji, lakini nyumba zinazopakana zisifanane. Si kazi rahisi. Tena mawimbi hupanda ghorofani, kwa hiyo jirani wa juu na wa chini naye anahesabiwa.

Jambo la tatu: wengi wakikusanyika, kila mmoja anapata kidogo. Sanduku moja ni kama bomba moja la maji. Watu watano wakija, ndoo zinajaa upesi. Wakija mia, foleni ni ndefu. Bomba si bovu. Watu ni wengi. Kwa hiyo ukumbi wa mihadhara unahitaji masanduku zaidi kuliko ukumbi ulio tupu, hata kama ukubwa ni ule ule.

Jambo la nne: mtu hutembea. Mwanafunzi akitoka jengo hili kwenda jengo lile, sanduku la kwanza humkabidhi kwa la pili. Ni kama mgonjwa anayetoka zahanati kwenda hospitali na barua yake mkononi. Asikabidhiwe vizuri, mazungumzo hukatika.

WAYA HAUKUFA

Haya, tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hulikosea. Wanadhani "bila waya" maana yake waya umekwisha kazi. Sivyo.

Tazama lile sanduku ukutani. Nyuma yake mara nyingi utaona waya. Mmoja unaleta umeme. Mwingine unakwenda kwenye mkongo uliochimbiwa chini, au kwenye antena inayotazama mnara wa mbali. Mawimbi ya waifai yanabeba ujumbe hatua chache tu, kutoka kwako hadi kwenye sanduku. Safari ndefu iko nyuma ya sanduku.

Ni sawa na maji. Ndoo kichwani ndiyo hatua ya mwisho. Bomba, tangi na chanzo cha maji mlimani viko nyuma. Ukinunua ndoo mia na chanzo kimekauka, utakunywa nini? Vivyo hivyo, ukileta sanduku la waifai mahali pasipo na mkongo, wala mnara, wala umeme, umeleta pambo la ukutani.

SIRI NA AFYA

Watu huuliza maswali mawili, nayo ni ya haki.

La kwanza: je, mtu mwingine hawezi kusikiliza? Anaweza. Mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja chako. Kwa hiyo ujumbe hufungwa kwa hesabu za siri kabla ya kurushwa. Kufuli ya kwanza ya waifai ilikuwa dhaifu. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha jinsi ya kuivunja. Kufuli zenye nguvu zaidi zilitolewa mwaka 2003 na 2004, na zimeendelea kuboreshwa. Lakini kufuli bora haisaidii kama ufunguo umeachwa mlangoni. Neno la siri la ofisi lisibandikwe ukutani. Na ukitumia waifai ya wazi, isiyo na neno la siri, usifanye mambo ya fedha humo.

La pili: je, mawimbi hayo yanadhuru mwili? Nguvu ya sanduku la waifai ni ndogo sana, mara nyingi kama wati moja ukiigawa mara kumi. Balbu ndogo ya nyumbani inatumia wati kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa mawimbi hafifu ya minara na mitandao isiyo na waya yanaleta madhara ya afya. Hatari unayoijua zaidi ni ile ya umeme: waya uliochunika na soketi iliyolegea. Hiyo itazame kwa makini.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tumerudi chini ya mwembe wetu. Yule kijana wa chuo yuko katika mlolongo mrefu ulioanzia Hawaii. Siku hizi hata vyuo vimeanza kubishana hodi. Mpango mmoja uitwao eduroam ulianzia Ulaya katika miaka ya 2000. Mwanafunzi wa chuo kilichojiunga akitembelea chuo kingine kilichojiunga, kompyuta yake hupokelewa kwa neno lake la siri la nyumbani, bila kuomba jipya. Vipo vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vilivyomo katika mpango huo. Mgeni anakaribishwa kwa sababu wenyeji wake wamemdhamini.

Na kijiji je? Siku moja mtu anaweza kuja na kusema, "Tutafunga waifai katika shule yenu, au zahanati yenu, au ofisi yenu ya kijiji." Msishangilie kabla ya kuuliza. Msikatae kwa hofu pia. Kaeni mkutanoni, mwulizeni mambo haya:

1. Nyuma ya sanduku kuna nini? Mkongo, mnara au setilaiti?
2. Umeme utatoka wapi, na ukikatika itakuwaje?
3. Nani atalipa kila mwezi, baada ya mwaka wa kwanza kwisha?
4. Watu wangapi wataweza kutumia kwa pamoja bila kukwama?
5. Nani atatunza neno la siri, na nani atatengeneza kikiharibika?

Kama majibu ni mazuri, chombo hiki kinaweza kumfikia mtu wa mbali, kama kilivyowafikia wale wa visiwani. Profesa Abramson alifariki mwaka 2020. Shida aliyoanza nayo haikuwa ya anasa. Ilikuwa shida ya watu wa mbali wanaohitaji kilicho katikati. Sisi tunaijua shida hiyo vizuri.

Hewa ni ya wote. Lakini kitu cha wote bila adabu huwa kelele, na bila matunzo huwa gofu. Elimu haina mwisho, ndugu msomaji. Uliza, soma, mwambie na mwenzako.

MANENO MAPYA

Biti – alama ndogo kabisa ambayo kompyuta hutumia kuandika na kupeleka habari.
Masafa – "njia" za mawimbi hewani, kama stesheni mbalimbali za redio.
Mkongo – waya maalumu, hasa wa nyuzi za kioo, unaopeleka habari mbali kwa mwanga.
Neno la siri – neno la kukuruhusu kuingia, kama ufunguo.
Waifai – njia ya kuunganisha kompyuta na simu kwa mawimbi, bila waya, kwa umbali mfupi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini laini za simu hazikufaa sana kwa vyuo vya Hawaii?
2. Vituo viwili vikigongana hewani, kwa nini kila kimoja kingoje muda wake tofauti?
3. Uamuzi wa mwaka 1985 ulikuwa na masharti gani? Je, kijijini kwetu kuna mali ya wote yenye masharti kama hayo? Inatunzwaje?
4. Eleza kwa maneno yako: kwa nini tunasema "waya haukufa"?